Panda kwa Basi, Shuka kwa Miguu: Siku Moja Haut-Koenigsbourg

Mara ya kwanza kwenda Haut-Koenigsbourg, ngome ya kale ya mlimani huko Ufaransa, nilikosea karibu kila kitu. Ilikuwa Jumapili ya Agosti. Tulitoka Colmar saa tano kasoro, rafiki yangu akiendesha, mimi nimevaa viatu vya kutokea na tumboni hamna kitu ila kahawa. Tulipofika vijijini nikaona kibao cha kuonja mvinyo, nikasema tusimame kidogo tu. Nikaonja nne. Tulipofika juu mlimani magari yalikuwa yamepangana kandokando ya barabara mpaka yanapotea kwenye kona, tukaegesha mbali, tukapanda juani kwa miguu, na ndani ya ngome nikajiburuza nyuma ya mgongo wa mtalii mmoja mrefu huku kichwa kinagonga. Nilitoka pale nikiwa nimeona mgongo ule na mlango wa choo.

Tangu siku hiyo nimerudi mara tisa, maana kila mgeni anayenitembelea anataka kupelekwa kwenye ile ngome aliyoiona akiwa garini. Nimempeleka binamu, nimewapeleka wenzangu wa kazini, na mwaka jana nilimpeleka shangazi yangu, mwenye miaka sitini na saba na magoti yenye maneno. Kwa sasa nina mpangilio mmoja ambao sibadilishi: ngome kwanza, mvinyo baadaye, na kati ya hivyo viwili unateremka kwa miguu yako. Nitaeleza kwa nini nikifika juu.

Kufika

Ngome iko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kwenye ukingo wa milima ya Vosges, kama mita 750 juu ya usawa wa bahari, katika eneo la kijiji cha Orschwiller. Jina lisikutishe. Wafaransa hawaitamki hiyo H, kwa hiyo sema "o-kenigsbur" na utaeleweka. Koenigsbourg ni Kijerumani kilichovishwa tahajia ya Kifaransa, maana yake ngome ya mfalme, na Haut ni ya juu.

Mji wa kushukia ni Sélestat, kwenye reli ya Strasbourg na Colmar. Kutoka Strasbourg ile treni ya mkoa iendayo haraka, TER, inachukua kama dakika 20. Ukitokea Paris, TGV, treni ya mwendo kasi, inakufikisha Strasbourg kwa muda usiofika saa mbili, kwa hiyo hata aliyelala Paris anaweza kuja na kurudi siku hiyo hiyo, ingawa simshauri.

Mbele ya stesheni ya Sélestat kuna basi linalopanda hadi ngomeni. Wenyeji huliita navette, na namba yake ni 500. Hapa ndipo watu wengi wanaposhikwa: basi hili halitembei kila siku mwaka mzima. Wakati wa kiangazi lipo kila siku, miezi mingine ni wikendi na sikukuu, na katikati ya baridi usilitegemee. Angalia ratiba ya mwezi wenyewe unaokwenda, usiangalie ya mwaka jana aliyokutumia mtu. Tunza tiketi ya basi, uionyeshe unaponunua tiketi ya ngome, kwa sababu huwa kuna punguzo.

Na gari je? Maegesho ni bure, yako kandokando ya barabara ya njia moja inayoizunguka ngome. Ukifika mapema utaegesha karibu na lango. Ukichelewa utafanya kama nilivyofanya mimi Agosti ile. Lakini ukija na gari lazima urudi kwenye gari, na hapo ndipo siku inapopoteza ladha, maana huwezi tena kuteremka msituni, na mmoja wenu hataonja kitu. Sheria ya Ufaransa ni gramu 0.5 za pombe kwa lita moja ya damu, na kwa dereva mwenye leseni mpya ni 0.2, yaani hata glasi moja ni hatari kwake. Basi ni bora.

Siku gani, saa ngapi

Zaidi ya watu nusu milioni hupita lango lile kwa mwaka. Ukitaka kuiona ngome bila kuona visogo, nenda siku ya kazi, na uwe mlangoni wakati wa kufungua, saa tatu na ushei au tatu na nusu asubuhi kutegemea msimu. Makundi makubwa ya mabasi huanza kufika kuanzia saa nne na nusu. Wanafunga tarehe 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Dirisha la tiketi hufungwa kabla ya ngome yenyewe, kwa hiyo usije saa ya mwisho ukadhani utapenya. Mimi hununua tiketi kwenye intaneti usiku wa kuamkia safari.

Msimu ninaoupenda ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mizabibu imeanza kugeuka njano, matrekta yamejaa zabibu, na vijiji vyote vinanuka uchachu. Mei nayo ni nzuri. Watu huikimbia Desemba na Januari kwa sababu ya baridi, lakini kuna siku za baridi ambapo bonde zima limefunikwa ukungu mzito, wewe ukiwa Sélestat huoni hata jengo la pili, halafu ukipanda unatokeza juu ya ukungu kwenye jua kali na chini yako ni wingu tupu mpaka Ujerumani. Siku ya namna hiyo ukiwa na bahati utaiona milima ya Alps, upande wa kusini, kama meno.

Juu kuna upepo, na kuta za mawe zinatunza baridi hata Julai. Chukua sweta. Viatu viwe vya kushika chini, maana ndani ni ngazi baada ya ngazi, nyingine zimechakaa katikati kama bakuli. Kigari cha mtoto kiache, mbebe mgongoni. Shangazi alipita kote kwa magoti yale, lakini polepole, na kila penye benchi tulikaa. Atembeaye wa kawaida atamaliza kwa saa moja na nusu. Sisi tulitumia tatu kasoro.

Ndani: jua unachokitazama

Hili ndilo ningependa mtu aniambie ile mara ya kwanza. Ngome unayoiona ni ya zamani sana na ni ya juzi pia, kwa wakati mmoja, na raha yake iko kwenye kutofautisha.

Ilianza na ukoo wa Hohenstaufen katika karne ya 12. Maandishi yanaitaja tangu mwaka 1147. Hawakuchagua kilima hiki kwa uzuri wa mandhari. Chini yake zilikatiza njia mbili za biashara: ya ngano na mvinyo kwenda kaskazini na kusini, na ya fedha na chumvi kwenda mashariki na magharibi. Aliyekaa juu aliona kila mkokoteni. Mwenye kuona mkokoteni hukawia kidogo tu kabla ya kutaka sehemu yake, na katika karne ya 15 ngome ikawa pango la makabaila waliogeuka wanyang'anyi wa njiani. Mwaka 1462 miji iliyochoka nao iliungana, ikaja ikaivunja.

Mwaka 1479 magofu yakapewa ukoo wa Thierstein, wakajenga upya kwa kuogopa kitu kipya: mizinga. Ndiyo maana utakuta kuta nene za mviringo upande wa magharibi, pale kilima kinapoungana na mgongo wa mlima na adui angeweza kuweka mizinga yake. Ukoo huo ukaisha mwaka 1517. Halafu vikaja Vita vya Miaka Thelathini: mwaka 1633 Waswidi waliizingira siku 52, wakaiteka, ikaungua. Baada ya hapo, zaidi ya miaka mia mbili, hapakukaa mtu ila miti.

Sasa sikiliza sehemu inayowachanganya wageni. Mwaka 1871 Alsace ilichukuliwa na Ujerumani kutoka Ufaransa. Mwaka 1899 mji wa Sélestat, uliokuwa umenunua magofu hayo miaka ya 1860, ukamzawadia Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme mkuu wa Ujerumani. Kaiser akamwita msanifu Bodo Ebhardt, na kuanzia 1900 hadi 1908 ngome ikasimamishwa tena. Walikuwa na umeme, walikuwa na winchi, walikuwa na garimoshi dogo la kuvuta mawe kutoka machimboni. Sherehe ya kufungua ilifanyika tarehe 13 Mei 1908, na mvua ikanyesha. Miaka kumi tu baadaye Ujerumani imeshindwa vita, Alsace ikarudi Ufaransa, na ngome ikawa mali ya Wafaransa. Kaiser aliifaidi kidogo mno.

Kwa hiyo watu wa aina mbili utawasikia kwenye foleni. Mmoja anasema "ajabu, karne ya 12 na bado imesimama hivi!" Mwingine, kwa kawaida mwenye kamera kubwa, anasema "hii ni feki ya Kaiser." Wote wawili wamekosea. Ebhardt alichimba, akapima, akasoma nyaraka, na pale alipokuta ukuta aliufuata. Pale alipokosa ushahidi alibuni, na kwa baadhi ya hayo, mnara mkuu hasa, alilaumiwa tangu enzi zake. Mimi namlinganisha na fundi aliyepewa nusu ya kanga akaambiwa aishone nusu iliyobaki: ua lake huenda si lile, lakini upindo ni wenyewe.

Ukishapita lango la kwanza utakuwa kwenye ua wa chini. Hapa pana nyumba ya mhunzi, pana tavani, yaani nyumba ya vinywaji, na pana kinu cha upepo juu ya mnara mdogo. Watu wengi hupita haraka. Wewe simama utazame kuta: zote ni za jiwe la mchanga la Vosges, lenye rangi ya waridi, na likilowa mvua linakuwa jekundu kama nyama. Tafuta tofauti ya mawe. Yaliyochakaa kona, yenye rangi isiyo sawa na viungo visivyonyooka, ni ya zamani. Yaliyokaa kama biskuti kwenye pakiti ni ya Ebhardt. Ukishalipata jicho hilo hutaliacha, na kila chumba kitakuwa mchezo. Shangazi alinishinda kwenye mchezo huu.

Kisha unapita daraja la kuinuliwa na mlango wa simba, unaingia ua wa ndani. Kisima kiko hapo, kimezungushiwa mnara wake wa ulinzi, na kinakwenda chini karibu mita 62 kwenye mwamba. Hicho ndicho kitu kilichonifanya niheshimu ngome nzima. Mlima huu hauna mto. Mtu alikaa akachonga jiwe kwa mkono mpaka akapata maji, na bila maji hayo siku 52 za mwaka 1633 zingekuwa wiki moja.

Jiko na ghala la chini viangalie kwa nafasi. Halafu panda ngazi ya kuzunguka, ukikaa upande wa nje penye kukanyagika. Ukumbi wa Kaiser umepakwa rangi kila mahali; inua kichwa uone tai mkubwa darini, kazi ya mchoraji wa Alsace aitwaye Léo Schnug. Ni ukumbi wa kujionyesha na haujifichi. Mimi napenda zaidi vyumba vya pembeni, vyenye majiko marefu ya vigae vya rangi. Majiko hayo ndiyo yaliyofanya watu waweze kuishi hapa wakati wa baridi, na ukishika ukuta wa chumba kisicho na jiko utaelewa mara moja. Kuna vyumba vya pembe za wanyama wa kuwinda na ukumbi wa silaha. Mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi ajitayarishe kukaa hapo nusu saa.

Chukua kifaa cha maelezo ya sauti ukipenda, lakini kizime kila baada ya chumba. Kinazungumza kuliko jirani.

Mwisho unavuka hadi boma kuu la mizinga, magharibi. Usiharakishe hapa hata kama basi linakaribia.

Tazama chini kabla ya kunywa

Ukiwa juu ya boma hilo na kwenye madirisha ya upande wa mashariki, dunia yote imelala chini: uwanda wa Alsace, mto Rhine uliojificha kwenye mstari wa miti, na ng'ambo yake Msitu Mweusi wa Ujerumani. Sasa usome mteremko kama unavyosoma tabaka za keki. Chini kabisa ni uwanda wa mahindi na barabara. Juu kabisa, unapokanyaga wewe, ni msitu. Katikati umekaa ukanda mwembamba wenye mistari iliyonyooka kama nywele zilizosukwa. Hiyo ndiyo mizabibu, na kwa muda mrefu imejibana hapo hapo.

Sababu iko nyuma yako. Mawingu hutoka magharibi, hugonga Vosges na kumwaga maji upande ule. Upande huu yanafika yakiwa makavu, na ndiyo maana Colmar ni moja ya miji yenye mvua chache zaidi Ufaransa. Mteremko unatazama mashariki na kusini-mashariki, hupata jua tangu asubuhi, na baridi kali ya usiku huteremka uwandani ikaacha zabibu salama. Juu zaidi ya hapo zabibu haziivi. Chini zaidi zinakuwa na maji mengi. Mimi nilikunywa mvinyo wa Alsace miaka miwili bila kujua hili, na nilipolijua ukutani pale, glasi ya jioni hiyo ilikuwa na habari ndani yake. Ndiyo maana nasema ngome kwanza.

Kuteremka

Njia zimewekwa alama na Club Vosgien, chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1872. Alama ni maumbo madogo yenye rangi yaliyopigwa kwenye miti na nguzo: mstatili, msalaba, duara, pembetatu. Kwenye kibao cha mwanzo tafuta jina la kijiji unachokwenda, kariri umbo na rangi yake, halafu usifuate lingine hata kama wengine wanalifuata. Ukitembea dakika kumi bila kuona alama yako, rudi ulipoiona mwisho.

Kwa mtu anayerudi Sélestat kwa miguu kupanda treni, shukia Kintzheim. Ukipenda mvinyo mwekundu zaidi ya kurahisisha safari, shukia Saint-Hippolyte, kijiji chenye ukuta wa kale na pinot noir inayojulikana kwa jina la kijiji chenyewe. Lakini panga mapema namna ya kutoka huko. Orschwiller iko karibu zaidi na ni tulivu. Njia zote ni mteremko wa karibu mita 500, na kwa mwendo wa shangazi ilituchukua saa mbili na nusu pamoja na kusimama. Fimbo mbili za kutembelea zilimwokoa magoti. Mvua ikiwa imenyesha, majani yanateleza vibaya. Siku hiyo rudi na basi bila aibu.

Katika msitu utakutana na miti ya châtaigne, ambayo matunda yake yamo ndani ya ganda la miiba kama nungunungu mdogo. Haikuwa bure kwamba iko mingi pembezoni mwa mashamba: mbao zake haziozi upesi, na wakulima walizitumia kwa nguzo za kuegeshea mizabibu. Yaani unapita ndani ya ghala la vifaa la shamba unalolielekea.

Ghafla msitu unakatika na uko kwenye mistari ya mizabibu. Usichume. Najua vishada vinaning'inia usawa wa mkono na hakuna mtu, lakini kila mstari una mwenyewe na anaujua. Wakati wa mavuno kukiwa na kibao cha kuzuia njia, kitii.

Mezani kwa mkulima

Uko kwenye Njia ya Mvinyo ya Alsace, iliyozinduliwa mwaka 1953, kilomita kama 170 kutoka Marlenheim hadi Thann. Vijiji vimejaa wakulima wanaouza mvinyo wao wenyewe nyumbani. Kibao kikisema *dégustation*, yaani kuonja, unaweza kuingia, lakini si wakati wa chakula cha mchana: kati ya saa sita na saa nane mchana milango mingi imefungwa. Ingia, sema "bonjour" kwanza kabla ya neno jingine lolote. Bila bonjour utahudumiwa kama umevunja kitu.

Usijifanye mjuzi. Sema unapenda mkavu au mtamu. Mvinyo wa Alsace huitwa kwa jina la zabibu: Riesling ni mkavu na mkali kidogo kama ndimu, Sylvaner na Pinot Blanc ni myepesi ya mezani, Pinot Gris ni mzito, Muscat inanukia zabibu mbichi, Gewurztraminer inanukia waridi na viungo, na watu wanaosema hawapendi mvinyo kwa kawaida huangukia hapa. Pinot Noir ndiyo nyekundu ya pekee. Kitu kilichonisumbua miaka mingi kilikuwa kutojua kama chupa ni kavu au tamu mpaka niifungue. Siku hizi imerahisika: chupa za mavuno ya 2021 kuendelea lazima ziandikwe *sec*, *demi-sec*, *moelleux* au *doux*, kuanzia kavu hadi tamu. Ukiona *grand cru*, daraja la juu, jina linalofuata ni la shamba maalumu. Yako 51 Alsace nzima, na moja, Praelatenberg, liko chini ya ngome uliyotoka. Liombe hilo. Umelipita kwa miguu au umeliona kutoka juu, na mkulima akijua umeteremka kutoka ngomeni huwa anakaa vizuri kwenye kiti.

Kuonja huanzia kavu kwenda tamu. Kuna chombo cha kutemea, na kutema si utovu wa adabu. Kuondoka bila kununua baada ya kuonja sita ndiko utovu. Chupa mbili zinatosha. Zimefinyangwa ndefu na nyembamba, hazikai vizuri kwenye mkoba, kwa hiyo uje na soksi nene za kuzivisha.

Shangazi hanywi kileo. Hilo si tatizo: uliza *jus de raisin*, maji ya zabibu yaliyokamuliwa, wengi wanayo, na aliyetuhudumia alimmiminia kwenye glasi ile ile ya shina refu akamweleza zabibu zake kama alivyotueleza sisi. Lakini sikiliza onyo moja. Msimu wa vuli mikahawa huuza *vin nouveau*, kinywaji cheupe chenye ukungu, kitamu, chenye mapovu, kinacholetwa pamoja na kokwa za jozi. Kinafanana na juisi kila upande. Si juisi, ni mvinyo ambao bado unachachuka. Shangazi alikuwa ameshainua glasi niliyomwagizia mimi mwenyewe kwa kutokusoma vizuri, mhudumu akapita akasema kwa sauti, "Madame, hiyo inapanda kichwani!" Shangazi akaiweka mezani, akanitazama, na hadi leo hajaniachia.

Chakula: *tarte flambée* ni mkate mwembamba kama chapati, wenye krimu, vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe. Asiyekula aseme *sans lardons* kabla haijaingia tanuri, maana huiva kwa dakika chache. Jibini ya munster inanuka kuliko inavyostahili na ladha yake ni pole kuliko harufu. Usiiweke kwenye mkoba wa treni. Kougelhopf, ile keki yenye tundu katikati, ibebe nyumbani, lakini uliza kama zabibu kavu zake zimelowekwa kwenye pombe.

Ukiwa na watoto, na kurudi

Kintzheim ina ngome nyingine, gofu dogo, ambako hurusha tai na ndege wengine wawindaji mbele ya watazamaji, na karibu na hapo kuna msitu wa nyani wa Barbary wanaotembea huru. Zamani walikuwa wakikupa bisi uwalishe. Watoto wa binamu yangu walisahau Haut-Koenigsbourg papo hapo. Kama una watoto chini ya miaka saba, fanya nyani na kipande kimoja cha ngome, usilazimishe vyote.

Kutoka Kintzheim hadi Sélestat ni tambarare, zaidi kidogo ya saa moja kwa miguu. Ukibaki na muda kabla ya treni, maktaba ya kale ya Sélestat, Bibliothèque humaniste, inahifadhi kitabu cha hesabu za mji cha mwaka 1521 kinachotaja malipo ya walinzi wa misitu kwa kulinda miti ya Krismasi isikatwe ovyo. Ni mstari mmoja tu wa mwandiko. Mimi naupenda.

Stesheni, kaa upande wa jukwaa unaotazama milima. Ngome inaonekana pale juu, ndogo kama jino, na shangazi aliitazama mpaka treni ikaingia. Kisha akaniuliza kama zile soksi nilizovisha chupa zilikuwa zake.